Wanga wa muhogo: jani linautengeneza, mzizi unauweka, na sisi tunaupoteza wapi?



Mukitoa kilo 100 za muhogo mbichi ku shamba, kilo 60 na zaidi ni maji. Tena kuna maganda ya kutupa. Ile inayobaki kisha kumenya na kukausha, karibu yote ni kitu kimoja: wanga. Ni wanga tunakula katika bugali, na ni wanga mununuzi analipa ku soko. Mtu wa kiwanda anauita amido, lakini ni ule ule.

Basi ni vizuri tujue wanga ni kitu gani, unatoka wapi na unapotea namna gani. Mkulima akijua hiyo, ataelewa juu ya nini muhogo wa mwezi fulani unakuwa na maji mingi, juu ya nini sombe nyingi inapunguza mizizi, na juu ya nini kupunguza siku za kuloweka kunaweza kuvunja maisha ya mtoto. Hayo yote yanatoka katika jambo moja: namna mmea unavyotengeneza sukari na kuifunga.

Wanga ni sukari iliyofungwa pamoja

Jani la muhogo linachukua vitu vitatu: maji kutoka kwenye udongo, hewa ya kaboni kutoka nje, na mwangaza wa jua. Kwa hivyo vitatu linatengeneza sukari. Sukari ya msingi inaitwa glukozi. Kila punje yake ndogo kabisa, ambayo macho hayawezi kuona, iko na kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6. Hakuna kitu kingine ndani.

Sukari ya jani inashuka pamoja na maji ya mmea, inapita kwenye shina mpaka ku mzizi. Kule mzizi unashika glukozi moja moja na kuzifunga pamoja, kama vile mtu anavyotunga shanga kwenye uzi. Mamia na maelfu ya glukozi zikifungwa hivyo, ndio wanga.

Uzi huo uko wa namna mbili. Namna ya kwanza ni mrefu, karibu bila matawi; wataalamu wanauita amilozi. Namna ya pili iko na matawi mengi kama mti wa mwembe; unaitwa amilopektini. Katika muhogo, namna ya matawi ndiyo nyingi zaidi, ni kama sehemu 4 juu ya 5. Ni hiyo inafanya bugali ya muhogo ivutike na ishikane mkononi.

Juu ya nini mmea unajichosha kufunga sukari? Juu sukari iliyo huru inayeyuka katika maji na inavuta maji mengi. Mzizi ukijaza sukari huru, utavimba na kuharibika. Wanga hauyeyuki katika maji baridi. Unakaa kimya ndani ya mzizi kama chembe nyeupe, miezi na miezi. Ndiyo sababu mukikwangua muhogo na kuukamua ndani ya maji, ule unga mweupe unashuka chini ya baseni. Lakini maji yakipata moto sana, chembe zile zinanywa maji, zinavimba na kupasuka. Hapo ndipo bugali inashikana.

Sisi watu pia tunaweka sukari kwa namna hiyo. Ndani ya maini na nyama ya mwili tuko na akiba ya glukozi zilizofungwa, inaitwa glikojeni. Ni hiyo inasaidia mtu aliyeamka asubuhi akaenda kulima bila kula. Lakini ni akiba ndogo, inaisha mbio.

Majaribio mawili ya kufanya katika mkutano

La kwanza: chukua kipande cha bugali isiyo na mboga, kitafune polepole kwa dakika 2 bila kumeza. Kitaanza kuwa kitamu kidogo. Hakuna mtu ametia sukari. Ni mate yako yanakata ule uzi na kutoa sukari.

La pili: ombeni kidogo iyodi ku kituo cha afya, ile dawa ya rangi ya kahawia ya kusafisha vidonda. Tia tone moja juu ya unga wa muhogo. Utageuka buluu karibu na nyeusi. Hiyo ndiyo alama ya wanga. Fanya vile vile juu ya ndizi mbichi, kisha juu ya ndizi iliyoiva sana. Ile mbichi itakuwa nyeusi, ile ya kuiva itabaki karibu na rangi yake. Ndizi ikiiva, inafungua wanga wake na kuugeuza sukari. Ndiyo sababu watu wa kasiksi wanangoja ndizi ziive kwanza: chachu inakula sukari, haiwezi kula wanga. Chakula cha jaribio hili kitupwe, kisiliwe.

Glukozi ile ile, lakini hailiwi

Glukozi zikifungwa kwa upande mwingine, hazifanyi wanga tena. Zinafanya selulozi, ndiyo miti, majani makavu, nyuzi za pamba na ile kamba ngumu ya katikati ya muhogo. Tumbo la mtu haliwezi kukata fungo hilo. Ng'ombe na mbuzi wanakula majani makavu na kunenepa juu ndani ya tumbo lao kuna vidudu vidogo vinavyojua kulikata. Kwa hiyo majani makavu ya mahindi na shina la muhogo yako na sukari nyingi, lakini kwetu ni kama sanduku lenye kufuli. Ufunguo iko na ng'ombe.

Hiyo ni sababu ya kuchagua wakati wa kuvuna. Muhogo ukikaa shambani muda mrefu kupita kiasi, unaongeza nyuzi. Uzito uko, lakini sehemu ya uzito huo hailiwi.

Mahali pa kwanza tunapoteza: shambani

Mmea haujazi mzizi juu yetu. Unajiwekea akiba yake wa siku mbaya. Mara tatu mmea unarudi kuchukua akiba hiyo, ao unashindwa kuijaza.

Mara ya kwanza ni mwanzo wa mvua. Wakati wa kiangazi muhogo unaangusha majani. Mvua ikirudi, unataka kutoa majani mapya, lakini hauna majani ya kutengeneza sukari. Basi unafungua wanga wa mzizi na kuupandisha juu. Mkulima anayevuna wiki zile anapata mizizi yenye maji, bugali yake hailingani, na kilo za mkavu zinapungua. Kama mkulima iko na uwezo wa kuchagua, avune kabla mvua haijarudi, ao angoje majani mapya yakomae na kujaza mzizi tena. Kule milimani, baridi inafanya muhogo ukue polepole. Usifananishe miezi ya mlimani na ya bonde la Ruzizi.

Mara ya pili ni sombe. Kila jani tunachuma ni jiko limezimwa. Mmea unachukua wanga wa mzizi kutengeneza jani jipya. Hatusemi watu waache sombe. Sombe iko na protini na vitamini ambazo mzizi hauna. Lakini shamba la mizizi lisiwe soko la sombe. Jamaa ikiweza, ipande mistari michache karibu na nyumba kwa ajili ya sombe tu. Katika shamba kubwa, chuma majani machache kwa kila mti, kisha uuache upumzike.

Mara ya tatu ni ugonjwa. Mozaiki inakunja jani na kulitia rangi ya manjano. Sehemu ya manjano haitengenezi sukari vizuri. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mbaya kwa namna ingine: majani yanaweza kuonekana mazima, lakini ndani ya mzizi wanga unageuka kahawia, mkavu na mgumu. Yote mawili yanaenezwa na inzi weupe wadogo, na zaidi sana na vipande vya kupanda tunavyopeana sisi kwa sisi. Usikate mbegu kwenye mti mgonjwa, hata kama ni zawadi ya shemeji. Kwa michirizi, pasua mizizi ya ule mti uangalie kabla ya kuchukua vipande vyake.

Kuna pia potasi. Mmea unaihitaji ili sukari ishuke ku mzizi, na muhogo unatoa potasi nyingi katika udongo kila mavuno. Majivu ya jikoni yako na potasi. Yasitupwe njiani, yarudi shambani.

Mahali pa pili: kati ya kuvuna na kukausha

Muhogo ukitolewa chini, ndani ya siku 2 ao 3 unaanza michirizi ya buluu na nyeusi. Inaanzia mahali palipokatwa ao kuchubuka. Kwa hiyo chimba taratibu, na toa tu ile kipimo munaweza kumenya na kuloweka ndani ya siku hizo. Kuchimba shamba zima juu wabebaji wamepatikana leo, kisha kuacha nusu ikioza, ni kutupa kazi ya mwaka.

Kisha kukausha, adui ni uvundo. Uvundo unakula wanga kama sisi. Vipande vyenye madoa meusi ao kijani vimeshapoteza uzito na ladha, na namna zingine za uvundo zinaacha sumu. Kausha juu ya turubai ao meza ya mianzi, si juu ya udongo wala kando ya barabara. Kipande kikavu kinavunjika kwa sauti, kikikunjika, bado. Vipande vidogo vinakauka mbio kuliko vikubwa.

Sukari ingine, yenye kubeba sumu

Sasa tufike ku jambo zito. Si glukozi yote ya muhogo inafungwa kuwa wanga. Glukozi zingine mmea unazifunga na sumu. Kitu hicho kinaitwa linamarini: ni glukozi moja iliyoshikana na kitu chenye kubeba sianidi. Wakati imefungwa na sukari, imetulia. Mmea unaiweka kujilinda na wanyama na wadudu.

Ndani ya muhogo ule ule kuna kikataji chake, lakini kimewekwa mbali kidogo, katika kuta za chembe hai. Mnyama akiuma mzizi, kuta zinavunjika, viwili vinakutana, sukari inakatwa na sumu inatoka. Sumu ile ikiisha kuachwa huru, inaruka hewani kama harufu ao inaenda na maji.

Hapo ndipo hekima ya wakubwa wetu inaonekana. Kuloweka, kutwanga, kukwangua, zote ni njia za kuvunja kuta ili sumu itoke kabla ya chakula kufika kinywani. Katika maji, vidudu vidogo vinalainisha mzizi, uchachu unaingia, kuta zinafunguka. Wanga wenyewe, juu hauyeyuki katika maji baridi, unabaki karibu wote. Sombe ni vile vile: kutwanga vizuri ndiyo kunaondoa sumu, kisha kuchemsha muda mrefu bila kufunika kunamaliza kazi.

Lakini kutupa muhogo mchungu mzima ndani ya maji ya moto hakutoshi. Moto unaua kile kikataji kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki. Kukausha vipande vikubwa ku jua bila kuloweka pia hakutoshi.

Konzo: hesabu ya siku zilizopunguzwa

Ugonjwa wa konzo unajulikana katika Kongo tangu zamani. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938, kisha kukusanya yale madaktari waliyoona Kwango. Jina lenyewe ni la Kiyaka, linasema juu ya miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekaza. Inashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Hakuna dawa ya kurudisha miguu. Konzo imeonekana pia huku kwetu Kivu ya Kusini.

Konzo inakuja mambo mawili yakikutana. La kwanza, muhogo mchungu uliotengenezwa haraka, unaliwa kila siku kwa wiki nyingi. La pili, sahani isiyo na protini ya kutosha. Mwili unaweza kugeuza sianidi kidogo kidogo na kuitoa katika mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji kiberiti kinachopatikana katika protini: maharagi, soya, karanga, samaki, mayai. Wanga hauna azoti wala kiberiti. Ni kaboni, hidrojeni na oksijeni tu. Unatoa nguvu ya kulima, haujengi mwili wala hausafishi sumu. Jamaa inayouza maharagi yote ili kununua chumvi na sabuni, na kubaki na muhogo peke yake, iko mahali pa hatari.

Wakati wa ukame hatari inaongezeka. Muhogo uliokosa maji unaongeza sumu, hata mbegu tuliyoizoea kuwa tamu. Tena ni wakati huo huo watu wako na njaa na hawana nguvu ya kungoja.

Na kuna kamyo. Mununuzi anasema kamyo inapita kesho kutwa. Watu wanatoa muhogo mu maji kisha siku 1 ao 2, wanausukuma ku jua, wanauza. Ule uliobaki unaliwa nyumbani. Bei ile ya haraka inalipwa na mtoto. Shirika la afya la ulimwengu na lile la chakula waliweka kipimo cha unga wa muhogo usiwe na sianidi kupita miligramu 10 kwa kilo. Sisi vijijini hatuna mashini ya kupima. Kipimo chetu ni siku: siku 3 mpaka 4 ndani ya maji, na zaidi kule maji yako baridi. Alama ni mzizi kulainika mpaka katikati, ukivunjika kwa vidole. Kama katikati bado ngumu, bado haijaisha.

Njia ya kuongeza usalama nyumbani

Kama unga umenunuliwa ku soko na hamujui uliloweshwa siku ngapi, kuna njia ya maji kidogo. Ilitengenezwa na Howard Bradbury na wenzake kule Australia, na ilifundishwa kwa wamama wa vijiji vya Popokabaka, mkoa wa Kwango, kupigana na konzo. Haibadilishi kuloweka, inaongeza juu yake.

1. Weka unga katika baseni, usawazishe, chora alama ndani ya baseni pale unga unafika.
2. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga. Kwanza unga unashuka chini ya alama, kisha unapanda. Ukifika tena ku alama, acha kutia maji.
3. Tandaza unga ule mbichi juu ya mkeka ao ungo safi, unene usipite sentimeta 1. Acha saa 2 ku jua, ao saa 5 ku kivuli. Wakati huo kikataji kinamaliza kazi na sumu inaruka hewani.
4. Pika bugali siku ile ile, katika maji yenye kuchemka. Usiuweke mpaka kesho, utachacha.

Kuuza wanga, si kuuza maji

Kwa kawaida kilo 3 mpaka 4 za muhogo mbichi zinatoa kilo 1 mkavu. Tofauti kati ya 3 na 4 ni faida ao hasara ya koperative. Kila kundi linaweza kupima: menya muhogo, pima kilo 10, kata vipande vidogo, kausha mpaka vivunjike, pima tena. Tuseme shamba moja linatoa kilo 4 na lingine kilo 3. Bei ya mbichi ikiwa sawa kwa wote wawili, yule wa kilo 4 anaibiwa na yule wa kilo 3 anabebwa. Andikeni matokeo katika daftari: mbegu gani, miezi mingapi, mwezi gani wa kuvuna, sombe ilichumwa mara ngapi. Kisha misimu 2 daftari hilo litawafundisha mbegu gani ya kuongeza na mwezi gani wa kuita mununuzi.

Hapo koperative iko na nguvu ambayo mtu mmoja hana. Mtu mmoja akimwambia mununuzi angoje siku 4, mununuzi anaenda kwa jirani. Watu wote wa koperative wakisema muhogo wetu unakaa siku 4 mu maji na kamyo ije kisha, kamyo itakuja kisha.

Maswali kwa mkutano ujao

— Katika kijiji chetu, nani anapunguza siku za kuloweka, na anasukumwa na nini: deni, maji kuwa mbali, ao mununuzi?
— Kila jamaa inabakiza maharagi ao karanga kipimo gani kabla ya kuuza?
— Tunaweza kuweka mahali pamoja pa kuloweka na turubai pamoja za kukausha?
— Mizizi ya shamba la mbegu imepasuliwa na kuangaliwa mwaka huu?

Jibuni hayo kwa pamoja na muyaandike. Tarehe ya kamyo ipangwe kisha siku za maji na siku za jua kuhesabiwa.